Kinyesi cha Mbwa Shambani: Hasara Isiyoandikwa Kwenye Daftari

Nikigusia kinyesi cha mbwa kwenye mafunzo, watu wanacheka kwanza. Wanaona ni mambo ya Ulaya, kule mwenye mbwa anatembea na mfuko wa kuokotea. Huku kwetu Katavi mbwa hana kamba. Asubuhi yuko machinjioni, mchana mnadani, jioni kajilaza kwenye tuta lako la mchicha. Kila anapopita anaacha mzigo, na anayelipa ni wewe unayelima na kufuga kibiashara.

Mzunguko wenyewe

Mbuzi akichinjwa nyumbani, maini au mapafu yenye malengelenge ya maji hutupiwa mbwa. Ndani ya malengelenge hayo kuna tegu wachanga. Baada ya wiki 6 au 7 hivi mbwa anaanza kutoa mayai ya tegu kwenye kinyesi. Huyaoni kwa macho, na mbwa mwenyewe haonyeshi kuumwa. Mvua inayasambaza kwenye malisho, matuta na visima. Mifugo inayameza, malengelenge yanaota upya, mkaguzi wa nyama anatupa maini. Hela imekwenda.

Binadamu naye anayameza kupitia maji, mikono michafu, au mboga za kachumbari zisizooshwa vizuri. Uvimbe unakua polepole kwenye ini au mapafu, hata miaka kadhaa bila dalili, na mara nyingi mwisho wake ni upasuaji. Huu ndio ugonjwa wa haidatidi. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya maeneo yaliyoumizwa nao zaidi duniani.

Yupo tegu mwingine wa mbwa anayeshambulia ubongo wa mbuzi na kondoo. Mnyama anazunguka palepale, kichwa kimelala upande, kundi linamwacha. Wamasai wanauita ormilo. Mbwa anaupata kwa kula kichwa kibichi cha mnyama aliyeugua. Ila si kila mbuzi anayezunguka ana tegu, kwa hiyo mwite mtaalamu wa mifugo kabla hujatoa hukumu.

Cha kufanya

1. Usimpe mbwa maini, mapafu wala kichwa kibichi. Chemsha dakika 30, au fukia shimo refu ambalo hawezi kulifukua.

2. Mpe mbwa dawa ya tegu yenye prazikwanteli kila baada ya miezi 3. Ambako kuchinja nyumbani ni kwingi, wiki 6. Kipimo kinafuata uzito, muulize mtaalamu.

3. Dawa inaua tegu, haiui mayai. Mfunge mbwa siku 2 baada ya kumpa, kinyesi chake kichome au kifukie.

4. Zungushia bustani na kisima uzio, hata wa miti na miiba.

5. Kinyesi cha mbwa kisiingie kwenye mboji. Ukikikuta kwenye tuta, kitoe kwa koleo, ufukie mbali na maji, halafu nawa kwa sabuni.

6. Osha mboga kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kupeleka sokoni.

Najua mtaniambia mbwa ndiye anayewafukuza nyani kwenye mahindi. Ni kweli, na sijasema umuue. Mbwa ni mlinzi, naye mlinzi anahitaji matunzo. Mkipeleka mbwa kwenye chanjo ya kichaa, kubalianeni kijiji kizima wapewe na dawa ya tegu siku hiyohiyo. Ukimtibu wako peke yake, wa jirani atakuja kukuchafulia.

Aisilandi walikuwa na ugonjwa huu kwa wingi karne ya 19. Miaka ya 1860 walianza kuelimisha wafugaji na kudhibiti mbwa, wakati ambapo prazikwanteli haikuwepo. Baadaye wakautokomeza. Sisi dawa tunayo. Kazi iliyobaki ni kuacha kumrushia mbwa maini.