Njaa ya Farasi Katika Nchi ya Theluji

Tarehe 26 Novemba 1910 merikebu iitwayo Terra Nova iling'oa nanga bandarini Lyttelton, New Zealand, ikishika njia ya Antaktika chini ya amri ya Kapteni Robert Falcon Scott, Mwingereza aliyekusudia kuwa mtu wa kwanza kuikanyaga Ncha ya Kusini. Na ndani yake, katika vyumba vyembamba visivyowaruhusu kujilaza, walisimama farasi wadogo 19 walionunuliwa Manchuria, wakachaguliwa weupe na wa kijivu, kwa kuwa katika safari ya Ernest Shackleton iliyotangulia farasi wa rangi ya giza ndio waliotangulia kufa, na Scott akaifanya bahati hiyo kuwa kanuni. Rangi haikuwafaa kitu. Mambo yanayompa farasi uhai au mauti katika baridi ni mengine kabisa, nayo yamo tumboni mwake, katika manyoya yake, na katika akili ya mtu anayemtunza.

Aghalabu sisi watu wa nchi za joto hudhani kwamba baridi yenyewe ndiyo adui wa farasi. Sivyo. Farasi aliyekomaa, aliyezoea hali ya wastani, hana haja ya kuongezewa chakula kwa ajili ya joto mpaka hewa iteremke chini ya nyuzi 5 hivi za Selsiasi, na aliyekwisha kuizoea baridi aweza kustahimili hadi nyuzi 15 chini ya sifuri pasipo dhiki, almuradi ngozi yake ni kavu, tumbo lake lina kitu, na upepo haumpigi. Manyoya yake ya majira ya baridi huanza kuota kabla baridi haijafika, maana amri yake hasa hutoka katika kufupika kwa mchana. Na kila unywele una msuli mdogo unaousimamisha, hewa ikanaswa katikati ya manyoya ikawa ni nguo juu ya nguo. Mvua au jasho likiyalowesha, manyoya hulala, na hifadhi hiyo hupotea.

Baridi ikivuka mpaka huo, uchu wa kula huzidi: kwa kila nyuzi moja inayopungua, wataalamu hukadiria kwamba farasi hutaka nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 2.5. Lakini ale nini? Hapo ndipo wengi hukosea, wakamjazia nafaka kwa kudhani kwamba nafaka ndiyo yenye moto. Sehemu kubwa ya nafaka humeng'enywa upesi katika utumbo mwembamba, na joto linalobaki nyuma yake ni haba. Ilhali majani makavu hupita hadi utumbo mpana, ambako vijidudu visivyohesabika huyachachusha kwa saa nyingi, na mchachuko huo hutoa joto kama jiko la makaa lililofunikwa majivu, lisilowaka kwa fujo wala kuzimika usiku. Wala majani hayo hayasafiri tumboni bila maji. Maji yakikaribia kuganda farasi huyanywa kidogo tu, chakula hukauka na kuziba matumbo, akapatwa na msokoto unaoweza kumwua; majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 1994 yalionyesha kwamba farasi wadogo waliowekewa maji yaliyopashwa moto siku za baridi walikunywa kwa kadiri ya asilimia 40 zaidi ya walivyokunywa maji ya kukaribia barafu. Chumvi nayo ina haki yake. Farasi wa Shackleton, walipofikishwa Cape Royds huko Antaktika mwaka 1908, walishikwa na hamu yake hata wakalamba na kula mchanga wa pwani ulionyunyiziwa maji ya bahari, na watatu wakafa kwa mchanga huo tumboni.

Tabia ya mnyama hubadilika pamoja na njaa yake. Asubuhi ya baridi kavu farasi mwenye afya huwa mwepesi, akaruka na kukoroma na kukimbia pasipo sababu inayoonekana, na mpandaji asiyejua huiita hali hiyo ukaidi, kumbe ni furaha ya mwili unaojipasha moto. Upepo ukichacha mambo hugeuka: huupa mgongo, akainamisha kichwa, akaubana mkia kati ya mapaja, akajisogeza karibu na wenziwe, na tufani ikidumu huacha kula kabisa, kwa sababu kuugeuzia upepo uso ili apate tonge humgharimu kuliko faida ya tonge lenyewe. Mtu amwonaye amesimama kimya hivyo humsifu kwa utulivu, naye yumo katika kuteketea.

Hayo ndiyo yaliyowafika farasi wa Scott mwezi wa Februari 1911, walipotolewa wanane kwenda kuweka akiba za chakula juu ya uwanda wa barafu. Katika nusu ile ya dunia Februari ni kiangazi bado, mchana haukuwa umefupika vya kutosha, na manyoya ya majira ya baridi hayakuwa yameota. Walivuta magari ya theluji hadi wakatoka jasho, kisha wakasimamishwa mbele ya upepo. Tufani ya siku tatu iliwakondesha mbele ya macho ya watunzaji wao. Kapteni Lawrence Oates, askari wa wapanda farasi aliyekabidhiwa wanyama hao, na ambaye kwa fedha zake mwenyewe alikuwa amewanunulia chakula cha ziada kabla ya safari, alitaka waendelee mbele hata ikibidi kuwachinja waliochoka. Scott, kwa huruma, alikataa. Basi tarehe 17 Februari ghala kuu liliwekwa mahali pasipofika nyuzi ya 80 ya kusini lilikokusudiwa, upungufu wa kilomita 57 hivi, na hata hivyo katika farasi wanane walirudi hai wawili tu. Tangu hapo kila kituo kilijengewa kuta za theluji za kuwakinga upepo, kazi nzito kwa watu waliokwisha kuchoka, nayo nadhani ndiyo iliyo bora katika yote waliyowatendea.

Wala haifai kusema kwamba farasi hakuumbiwa baridi. Huko Yakutia, Siberia, ambako katika kijiji cha Oymyakon mwaka 1933 ilipimwa baridi ya nyuzi 67.7 chini ya sifuri, farasi wa Wasakha, watu wa huko, hukaa nje mwaka mzima bila banda. Hunenepa upesi katika kiangazi kifupi, huvaa manyoya mazito, hupunguza mwendo kuhifadhi shahamu yao, na huifukua theluji kwa kwato hata wakayafikia majani. Uchunguzi wa nasaba zao uliotangazwa mwaka 2015 ulidhihirisha kwamba wametokana na farasi walioletwa na Wasakha kati ya karne ya 13 na ya 15, muda mfupi sana kwa mageuzi makubwa kiasi hicho. Lakini chini ya theluji ya Yakutia kuna majani. Chini ya theluji ya Antaktika hakuna hata unyasi mmoja, na kila jani alalo farasi lazima livutwe hadi huko. Ndiyo maana wasafiri wale walilazimika kutegemea oti na mashudu, vyepesi kubeba kwa kadiri ya nguvu vinazotoa, wakapunguza majani, yaani chakula kile kile kimtiacho mnyama joto.

Farasi wa mwisho walipigwa risasi tarehe 9 Desemba 1911. Katika safari ya kurudi kutoka Ncha ya Kusini, Oates alitoka hemani akafa mwezi wa Machi 1912, na Scott na wenzake wawili wakafa baada yake, takribani kilomita 20 kabla ya kulifikia ghala lile kuu. Wengi humlaumu Scott kwa kuwahurumia farasi. Mimi simlaumu kwa hilo. Kosa lilifanyika mapema zaidi, pale mnyama alaye majani alipofanywa tegemeo katika nchi isiyoota jani. Roald Amundsen, Mnorwei, alitegemea mbwa, akawalisha nyama ya sili iliyopatikana huko huko, na alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, siku 34 kabla ya Scott.