Sodiamu Haitoi Elektroni Bure

"Sodiamu hutoa elektroni yake kwa hiari, na nishati hutoka."

Si kweli, ingawa kauli hii imezoeleka madarasani. Mwalimu husema sodiamu "inapenda" kutoa elektroni, nasi tunasadiki. Kumbe kiini kina chaji chanya na elektroni ina chaji hasi, kwa hiyo anayetaka kuing'oa sharti alipe. Kwa moli moja ya sodiamu iliyo katika hali ya gesi, bei ni takriban kilojuli 496. Hata sesiamu, inayojulikana kwa ulegevu wake, hudai 376.

"Klorini ikipokea elektroni, nishati hutoka."

Kweli: kilojuli 349. Ila piga hesabu uone kwamba bado ni hasara. Basi lile joto kali la sodiamu ikiungua ndani ya klorini latoka wapi? Latoka pale ayoni zinapovutana na kujipanga kuwa fuwele za chumvi, kilojuli 787 kwa moli. Hizo ndizo zinazolipa deni lote, hata gharama ya kuzitenganisha atomi kwanza, na zikasalia 411.

"Oksijeni hupata faida kwa elektroni zote mbili inazopokea."

Ya kwanza, ndiyo. Ya pili husukumwa na ayoni ambayo tayari ni hasi, kwa hiyo huingizwa kwa nguvu.

"Moto ukigeuka njano, elektroni zinatoroka."

Si kweli. Jioni hapa Kenyenya, sufuria ya mboga za chinsaga ikifurika na maji ya chumvi yakadondokea meko ya gesi, ule moto wa buluu huwa njano papo hapo. Elektroni ya sodiamu imepandishwa kwa joto, kisha imeshuka na kutoa mwanga wa nanomita 589. Kupanda huko hutaka elektronivolti 2.1, kutoka kabisa hutaka 5.14.

"Nguo nyekundu huvuta radi."

Si kweli, na milimani huku Gusii jambo hili si la mzaha. Radi hupita pale elektroni zinapong'olewa hewani, na kung'oa moja kwenye molekuli ya naitrojeni hutaka elektronivolti 15.6, mara tatu ya sodiamu. Anayelipa ni wingu, kwa chaji liliyojilimbikizia. Rangi ya gauni haimo katika hesabu hiyo, urefu umo. Anayejikinga mvua chini ya mti uliosimama peke yake yumo hatarini, hata akiwa amevaa nyeupe.