Mwachieni Mwezi Dagaa Wake

Kila nikisimama sokoni Namanyere kununua dagaa, hakosi mtu aliyepanda kutoka Kirando au Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, wa kuniuliza: "Mtaalamu, mwezi mpevu ukipita, ziwa lililozamisha nyumba zetu litarudi nyuma?" Nimejibu kwa mdomo hadi koo limekauka. Leo naandika.

Halitarudi, kwa sababu si mwezi uliolileta.

Maji kujaa na kupwa ni mambo ya bahari. Dar es Salaam na Unguja yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi unauvuta zaidi upande wa dunia unaouelekea kuliko unavyoivuta dunia katikati, na katikati kuliko upande wa nyuma. Kinachoinua maji ni tofauti hiyo, wala si mvuto wenyewe. Jua nalo hufanya hivyo kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Vikisaidiana, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tunapata maji ya bamvua. Vikikinzana, maji mafu.

Sasa, tofauti inahitaji nafasi. Bahari ya Hindi ina maelfu ya kilomita. Ziwa Tanganyika, pamoja na urefu wake wote, haifiki kilomita 700. Kinachobaki kwetu ni sentimita chache tu, na boti moja ikipita inazifunika. Kwa hiyo yule kijana anayesoma kwenye simu ratiba ya maji ya Dar es Salaam ili ajue siku ya kujenga upya kibanda chake ufukweni, anasoma barua ya jirani.

"Lakini wavuvi wanaujua mwezi!" Wanaujua, tena kuliko mimi. Siku za giza taa zinawaita dagaa, na migebuka inawafuata. Siku za mbalamwezi taa hazifui dafu. Huo ni mwanga. Maji hayajasogea. Mvuvi anayepumzisha nyavu mwezi ukiwaka ana akili timamu. Akitumia kalenda hiyohiyo kupima msingi wa nyumba, hapo tunagombana.

"Lakini nimeyaona yakija na kuondoka!" Umeona upepo. Kusi, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huku kusini, pande za Kasanga, maji baridi ya chini yakapanda. Upepo ukitulia, maji hayo ya kina huyumba kwa wiki kadhaa, kama uji kwenye bakuli lililoguswa.

Kilichozamisha nyumba ni mvua. Ziwa hupanda hadi Aprili au Mei, hushuka hadi Oktoba au Novemba, kwa kawaida chini ya mita moja. Mvua zikizidi miaka mfululizo, kama 1961 hadi 1964, na tena kama tulivyoona 2021 na 2024, nyongeza hurundikana. Mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga upande wa Kongo, na hata huo huchukua sehemu ndogo; maji mengi huondoka kama mvuke. Ziwa lina takriban kilomita za mraba 32,900. Mita moja ya ziada juu ya eneo hilo haiishi kwa wiki mbili za mbalamwezi, inachukua miaka. Katika miaka ya 1870 Lukuga ilikuwa imezibwa na udongo na majani, ziwa likapanda hadi likakibomoa kizuizi hicho, kisha likashuka mita kadhaa.

Ufanye nini? Pima kuanzia alama ya juu kabisa ambayo maji yaliwahi kufika, si ukingo wa leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwenye ufukwe tambarare ongeza mwenyewe. Choo kihame kabla ya nyumba. Magati ya mitumbwi yawe ya mbao, ya kung'oa. Na kila kitongoji kisimike nguzo yenye alama za sentimita, isomwe kila Ijumaa, kuanzia Novemba ziwa likiwa chini, si Mei kila mtu akikimbia na godoro.