Joto kali na dawa za mtoto

Mama au mlezi, je, unajua kwamba joto la hewa linaweza kubadilisha jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini? Watafiti waliliona hili kwa wanyama miaka mingi iliyopita. Panya waliopewa amfetamini walikufa zaidi kwenye chumba cha joto kuliko kwenye chumba cha baridi, ingawa dozi ilikuwa ileile. Dawa hiyo hupandisha joto la mwili, na chumba chenye joto huuzuia mwili kupoa.

Dawa tunazowapa watoto nyumbani ni tofauti, lakini nazo zinahitaji uangalifu wakati wa joto.

Ibuprofeni. Mtoto akipungukiwa maji, damu inayokwenda kwenye figo hupungua. Ibuprofeni huweza kuipunguza zaidi na kuumiza figo. Usimpe mtoto anayeharisha, anayetapika au anayekojoa kidogo.

Promethazini. Dawa hii ya mzio hupunguza jasho, na jasho ndilo linalompoza mtoto. Asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2.

Parasetamo. Hushusha homa ya ugonjwa. Haishushi joto linalotokana na jua au chumba kisicho na hewa. Ukiona mwili bado una moto, usiongeze dozi, kwa sababu parasetamo ikizidi huharibu ini. Fuata kipimo ulichopewa, usirudie kabla ya saa 4 kupita, na usizidishe mara 4 kwa saa 24.

Ufanye nini?

- Mweke mtoto kivulini, mpunguzie nguo, mfute kwa maji ya kawaida na umpepee.
- Mnyonyeshe mara kwa mara. Aliyefikisha miezi 6 mpe pia maji. Akiharisha, mpe ORS.
- Akiendelea kuwa na joto hata baada ya kupumzika kivulini, mpeleke akapimwe malaria. Usikisie.
- Tunza dawa mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na jua, dirisha na jiko, na mtoto asipafikie.

Dalili za hatari

Mtoto akilegea, akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au asipokojoa kwa muda mrefu, mpeleke kituo cha afya mara moja. Endelea kumpoza mkiwa njiani. Beba dawa zote ulizompa, na umweleze mhudumu ulimpa kiasi gani na saa ngapi.