Bahasha ya Hurlingham: Picha ya Mgongo Husema Nini, na Nini Haisemi

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi akaifuata Barabara ya Argwings Kodhek, akaipita Hospitali ya Nairobi na kuelekea Yaya, hujikuta Hurlingham kabla hajajua kwamba amefika. Barabara hiyo ina jina la wakili na waziri aliyefariki dunia juu yake mwaka 1969, na wazee wengine wa jiji bado huikumbuka kwa jina lake la zamani, Barabara ya Hurlingham. Sisi watu wa pwani hatuijui kwa siasa wala kwa maduka yake. Tunaijua kwa maradhi: kwa zahanati, maabara na vyumba vya picha vilivyojipanga pande zake, na kwa jamaa zetu waketio humo wakiwa na bahasha kubwa mapajani.

Tuliyemsindikiza safari hii ni shangazi yetu, mwenye umri wa miaka 52, mpishi wa mahamri na mbaazi katika Mji wa Kale, Mombasa. Mgongo ulikuwa umemuuma kwa miaka mitatu. Alikuwa amekwisha kusingwa kwa mafuta ya habasoda, amefunga mkanda wa kiunoni, ameacha kukanda unga mwenyewe, na kwa mwaka mzima alikuwa akiswali juu ya kiti. Hili la mwisho ndilo lililomuuma kuliko mgongo wenyewe. Mashine za MRI zipo Mombasa pia, lakini daktari aliyependekezwa na jamaa alikuwa Nairobi, basi tukapanda treni.

Picha ilichukuliwa siku ya Jumatatu. Ripoti ikatolewa dirishani jioni ile ile, ndani ya bahasha, bila ya mtu kusema neno. Na miadi ya daktari ilikuwa Ijumaa. Lau tungekuwa na hekima tungeiacha bahasha imefungwa. Hatukuwa nayo. Usiku ule binamu yetu aliisoma kwa msaada wa simu, sentensi moja moja: diski zimechakaa, zimekauka, moja imetokeza nyuma katika L4/L5, nyingine ina mpasuko. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo iwapo bado ataweza kwenda chooni mwenyewe akifika miaka 60. Asubuhi yake ami yetu aliye Muscat akapiga simu: bangili za dhahabu ziuzwe, safari ya India ianze, apasuliwe kabla mgongo haujakatika. Siku nne hizo nyumba nzima iliishi ndani ya karatasi moja.

Tunayaandika haya kwa kuwa tunajua bahasha kama ile imo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, chini ya godoro au juu ya kabati.

Kwanza, mashine yenyewe. MRI haitumii mionzi kama eksirei. Ni sumaku kubwa yenye nguvu mno, ambayo pamoja na mawimbi ya redio huitikisa haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili, na kutokana na mwitikio wake hutengenezwa picha. Kwa hiyo kilicho na maji mengi huonekana cheupe katika baadhi ya picha hizo, na kilichokauka huonekana cheusi. Diski ni mto mdogo wa gegedu ulio baina ya pingili na pingili. Ya kijana imejaa maji, ya mtu mzima huyapoteza taratibu. Herufi L ni ya pingili tano za kiunoni, na S ni ya mfupa mpana ulio chini yake. L4/L5 ni mto ulio kati ya pingili ya nne na ya tano, na hapo pamoja na L5/S1 ndipo penye kubeba uzito mwingi wa mwili, basi si ajabu kwamba ndipo panapotajwa karibu katika kila ripoti.

Sasa swali ambalo ripoti hailijibu: hayo yaliyoonekana ndiyo yanayouma? Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizowapiga picha watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na kwa wenye miaka 80 asilimia 96. Diski iliyotokeza ilipatikana kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20, na asilimia 60 ya wenye miaka 50. Hawa wote, tunarudia, walikuwa wakiinuka, wakiinama na kulala bila ya kulalamika. Si jambo jipya pia: mwaka 1994 huko Marekani walipigwa picha watu 98 wasioumwa, na ni asilimia 36 tu waliokutwa na diski zote nzima.

Neno "kuchakaa" basi ndilo lenye lawama kubwa. Linasikika kama kitambaa kinachoelekea kuraruka. Mvi nazo ni kuchakaa kwa nywele, wala hakuna aliyeuza bangili kwa ajili ya mvi.

Tena ripoti ni maoni ya binadamu aliyeitazama picha. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa mwanamke mmoja wa miaka 63 aliyekuwa na maumivu ya mgongo na mguu, ambaye katika muda wa wiki tatu alipigwa picha katika vituo kumi tofauti. Ripoti zile kumi zilitaja kasoro 49 kwa jumla, na hapakuwa na hata moja iliyotajwa katika zote kumi. Hatusemi kwamba wataalamu wa picha hawajui kazi yao. Tunasema karatasi ile haikuandikwa ili isomwe peke yake, usiku, na binamu mwenye simu.

Ijumaa ilipofika, jambo lililotushangaza ni kwamba daktari hakuifungua bahasha kwanza. Alimuuliza shangazi maumivu yanaanzia wapi na yanafika wapi. Alimtembeza kwa visigino, kisha kwa vidole. Alimlaza, akauinua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akamgonga magotini kwa nyundo ndogo, akamgusa miguu kwa pamba na kumuuliza kama anahisi sawasawa. Ndipo akaziweka picha kwenye skrini. "Mama," alimwambia, "picha hii ni ya mgongo wa mwanamke wa umri wako. Ningeiogopa kama ingekubaliana na miguu yako." Maana yake ni hii: diski ikiubana mshipa wa fahamu wa kushoto wa L5, hutarajiwa maumivu yashuke mguu wa kushoto hadi juu ya unyayo, pengine na udhaifu wa kukinyanyua kidole gumba. Shangazi hakuwa na lolote katika hayo. Maumivu yake yalikaa kiunoni, yakizidi akisimama sana na yakipungua akitembea. Hata diski iliyopasuka na kumwaga kiini chake, alituambia, mara nyingi hunywea yenyewe miezi inavyopita.

Zipo dalili zisizongoja, nazo tunaomba zisomwe kwa sauti nyumbani. Mkojo ukizuilika au ukitoka bila ya hiari, ganzi ikiingia sehemu za siri na mahali pa kukalia, au miguu ikilegea, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile hata kama ni usiku wa manane. Vilevile maumivu yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, kwa kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo kingali nasi hapa Kenya, na ugonjwa wa brusela utokanao na maziwa mabichi nao huweza kuushika mgongo. Aliyewahi kuugua saratani, au mtu mzima aliyeanguka, naye asiambiwe ni uzee tu. Kwa watu hawa picha huokoa maisha, na kuichelewesha ni kosa.

Kwa kinamama waendao kupigwa picha, neno moja ambalo sisi tulilijua tukiwa mlangoni. Zile pini za sumaku za mtandio, ambazo siku hizi kila duka linauza, ni hatari ndani ya chumba cha MRI, na pini za kawaida pia. Mitandio yenye nyuzi za zari, baibui lenye vito vya chuma na bangili zote hubaki nje. Vaeni mtandio wa pamba usio na kitu. Mtajieni mhudumu kila kilichowekwa mwilini: kifaa cha moyo, chuma cha upasuaji, kitanzi cha uzazi, na ujauzito pia. Anayetaka kuhudumiwa na mwanamke aombe wakati wa kuweka miadi, aghalabu hupangiwa.

Shirika la Afya Duniani, ambalo lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, linapendekeza mgonjwa aelimishwe na afanye mazoezi, na halipendekezi mikanda ya kiunoni wala dawa kali za jamii ya afyuni. Shangazi aliufungua mkanda wake pale pale, akauliza kama duka litaurudisha. Kisha akauliza lile alilolijia. Sheria imempa ruhusa mgonjwa kuswali ameketi, na hilo hakuna aliyelipinga. Lakini yeye alikuwa ameketi kwa hofu kwamba sijda itamkata mgongo. Daktari alimjibu kwamba kuinama hakuikati diski, aanze polepole, na siku ikimzidi arudi kwenye kiti.

Miezi minne imepita. Zipo siku mgongo humuuma kama zamani, hasa baada ya harusi. Humwendea mtaalamu wa viungo mara moja kwa wiki, na unga anaukanda mwenyewe, nusu kwa nusu na binti yake. Ami yetu wa Muscat bado huulizia India. Bangili zipo mkononi, kiti kimerudi mezani, na bahasha imewekwa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu daktari alisema aje nayo endapo ganzi itaingia mguuni.