Mshiko ukiingia, si lazima uishie baa!

Leo nina swali kwa vijana wenzangu wa machimbo ya Mwakitolyo. Hivi mara ya mwisho kukaa mahali ukasikia ndege wakilia ilikuwa lini? Hapa kwetu asubuhi karasha, mchana karasha, hata usingizini karasha!

Mtu mawe yake yakitoa dhahabu, haoo, anakwenda kuponda raha. Jumatatu anarudi duarani kichwa kizito, mfukoni hamna hata ya chapati. Eti tunaita starehe!

Jumapili moja mimi na swahiba wangu mchimbaji tukaamua kubadili. Tulidandia haisi ya asubuhi hadi Shinyanga mjini, tukanunua karanga na matobolwa, tukachukua bodaboda hadi Bwawa la Ning'hwa. Wakubwa wanalijua vizuri. Ndilo lililokuwa likinywesha mji kabla ya maji ya Ziwa Victoria kuletwa kwa mabomba kutoka Ihelele, mradi uliozinduliwa mwaka 2009.

Nakwambia, kimya chake kinaponya! Upepo unapuliza, maji yametulia, hakuna anayekudai. Swahiba akavua shati, anataka kujitosa na suruali ileile anayovaa mwaloni akikamatia dhahabu kwa zebaki.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe akatusogelea. "Mwadila, baba," tukamwamkia. Akaitikia, kisha akasema taratibu: "Wanangu, maji haya yananywewa. Hiyo nguo nyumbani anaifua nani?"

Swahiba kimyaa. Baadaye akaniambia kwamba anayeifua ni mkewe, tena ana mimba ya miezi mitano.

Jamani, zebaki si mchezo. Haiozi wala haiishi. Ikiingia bwawani, vijidudu vya kwenye matope huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikapanda kwa samaki, mwisho ikafika kwenye sahani yako. Ukiichoma, moshi wake unaingia mapafuni. Inaharibu ubongo na neva, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi.

Kwa hiyo ukitaka kupunga upepo bwawani, nenda kistaarabu. Nguo za mwaloni ziache kazini. Usiogelee, maana maji yaliyotulia huwa na konokono wa kichocho, na kanda yetu hii inaujua ugonjwa huo. Mifuko na chupa rudi navyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa, kwa hiyo mwenye wazo la kufungua kibanda cha supu pale ukingoni alisahau.

Wenzetu Wakenya wana Bwawa la Ndakaini, karibu na milima ya Aberdare, linalonywesha Nairobi. Mwaka 2004 walianzisha mbio pale, watu wakimbie, wafurahi, na wakumbushane kulinda chanzo cha maji. Sisi Shinyanga tunashindwa nini?

Jioni ile swahiba hakupitia baa. Alinunua suruali ya mtumba ya kurudia nyumbani, na tangu siku hiyo ile ya mwaloni haijavuka mlango wa mkewe.

Haya, Jumapili hii wewe unakwenda wapi? Tukutane wiki ijayo!