Kodi ya nyumba ya muuguzi Nyakiyumbu hutoka wapi?

Muuguzi aliyepangiwa kazi Nyakiyumbu, wilayani Kasese, hufika na barua ya ajira na begi la nguo. Mshahara haumsumbui sana, kwani ngazi yake inajulikana Uganda nzima. Anachouliza kwanza ni mahali pa kulala.

Mshahara wa mtumishi wa umma Uganda ni wa jumla, na kodi ya nyumba imo humo humo. Kituo cha afya kikiwa na nyumba ya watumishi iliyo wazi, ni bahati yake. Zikiwa zimejaa, hupanga chumba Bwera au senta ya karibu, na nauli ya bodaboda ni juu yake. Akichelewa kuingizwa kwenye orodha ya malipo, jambo lisilo geni, miezi ya kwanza ni ya kukopa.

Ipo nyongeza ya asilimia 30 ya mshahara kwa sehemu zisizofikika kwa urahisi. Lakini hutolewa kwa maeneo yaliyoorodheshwa tu, kama Bundibugyo ng'ambo ya Rwenzori. Barabara mbovu peke yake haimpi mtu nyongeza hiyo.

Posho ya kulala nje ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi huchanganya. Hulipwa anayetumwa kwa muda mbali na kituo chake. Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wakalazwa Bwera, wataalamu walitumwa kutoka nje ya wilaya. Kwa kanuni hiyo, mgeni wa wiki mbili anastahili posho ya malazi. Muuguzi wa hapo hapo hastahili, hata kama kwao ni Soroti. Wahudumu wa afya wa vijijini, walioanza mwaka 2001, ni wa kujitolea, hawana hata mshahara.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri atoe nyumba au fedha ya kutosha kodi. Soko la pamoja la Afrika Mashariki liliruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka tangu Julai 2010, lakini anayelinganisha mshahara wa Kasese na wa Kisumu aulize kwanza kama nyumba imehesabiwa.

Nyakiyumbu hesabu hiyo huonekana usiku. Mama anashikwa na uchungu saa nane, anafika kituoni kwa pikipiki, na mkunga yuko chumbani kwake Bwera, akimpigia simu mtu wa bodaboda.